Karatasi ya Mama Lea na Goti la Shija

Mwaka 1977 tulikuwa watu wanane pale Mlandege, Iringa, tuliokuwa na timu za mpira ambazo hazikuwahi kukanyaga uwanja. Zilikuwa timu za karatasi. Kila mmoja wetu alichagua wachezaji kumi na mmoja kutoka timu za ligi yetu, akawaandika, na karatasi ikapigwa misumari ukutani kwa Ambrosi kinyozi. Mchezaji wako akicheza kweli uwanjani, unapata pointi moja. Akifunga, tatu. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, watu wakitoka kanisani, Ambrosi alisoma pointi kwa sauti huku mteja kakaa kitini na povu kidevuni.

Ruhusa ya uhamisho ilikuwa wachezaji wawili kwa mwezi, unatoa wawili na kuingiza wawili. Usipoitumia ruhusa yako, unaiweka akiba. Kanuni hiyo ya akiba tuliiandika sisi wenyewe, lakini aliyeielewa alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mwanamke pekee kati yetu.

Jina lake Evarista, ila sote tulimwita Mama Lea kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa fundi cherehani. Barazani kwake ndiko zilikoshonwa jezi na bukta za Nyota, timu ya mtaa wetu, na za timu nyingine mbili za ligi. Sisi tuliwajua wachezaji kwa kuwatazama Jumamosi. Yeye aliwajua kwa futi. Alijua nani kanenepa tangu Pasaka, na nani paja moja limezidi jingine. Alikuwa mpole, mwenye maneno machache, na ukimsalimu "kamwene" alikuitikia bila kuinua macho kwenye sindano.

Mwanzo wa msimu alichukua karatasi ya kaki, ile ya kukatia vipimo vya magauni, akachora miezi yote mpaka Novemba. Aliweka alama lini Nyota watacheza nyumbani, lini barabara ya udongo itaharibika kwa mvua, na lini nyanya zitaiva Ilula, maana wachezaji wa Ilula wakati wa nyanya walikuwa barabarani wakiuza tangu alfajiri na mchana miguu yao ilikuwa mizito. Kisha akatulia. Sisi tulibadilisha wachezaji kila mwezi kama watu wanaochagua mitumba. Yeye Machi hakubadilisha, Aprili hakubadilisha, Mei hakubadilisha.

"Mama Lea, karatasi yako itaota uyoga," nilimwambia siku moja.

"Iache iote," alisema. "Mimi nacheza ya Oktoba."

Nguzo ya timu yake alikuwa Shija, winga wa kulia wa Nyota. Kijana wa miaka ishirini na miwili, mrefu, Msukuma. Baba yake, Mzee Nkuba, alihama kutoka kaskazini na ng'ombe wake akashukia bonde la Usangu, na Shija alitoroka ng'ombe akaja Iringa kufuata mpira. Kocha wa Nyota, Mzee Kalinga, alikuwa na karakana ya mbao. Akampa kazi ya kupiga randa na chumba cha kulala nyuma ya karakana. Kila mmoja wetu wanane alikuwa na Shija kwenye karatasi yake. Kumtoa Shija mwaka ule kungekuwa kama kutoa chumvi jikoni.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, Mama Lea aliponisimulia mwenyewe.

Mwishoni mwa Juni, baridi ikiwa kali, wachezaji walipita mmoja mmoja barazani kupimwa bukta mpya. Shija alikuja wa mwisho. Alipoambiwa apandishe mguu kwenye kigoda, alipandisha wa kushoto.

"Na huo mwingine."

"Si inalingana tu, mama."

"Hakuna miguu inayolingana. Pandisha."

Alipandisha kwa kuushika kwa mikono miwili. Mama Lea alikunja suruali. Goti lilikuwa limevimba, linang'aa, na alipoligusa kwa ncha ya kidole Shija alifumba macho.

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu. Mama Lea, nakuomba. Usimwambie mtu. Mzee akijua sichezi, ile kazi imekwisha, na chumba kimekwisha. Nitarudi Usangu, na baba alishasema nikirudi nirudi na fimbo mkononi, nisimletee habari za mpira."

Mama Lea aliandika vipimo. Kisha alimfungia goti kwa kitambaa cha marekani, akamruhusu aende.

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya uhamisho. Sasa ruhusa zake zilikuwa zimefika nane, na mtu wa kwanza aliyestahili kutoka alikuwa Shija. Alijua jambo ambalo sisi saba hatukulijua. Lakini alijua pia kwamba ukuta wa Ambrosi una macho. Mzee Kalinga mwenyewe alinyolewa pale. Mama Lea akimfuta Shija, kabla ya jioni mtaa mzima ungeuliza kwa nini, na jibu lingefika karakanani. Basi alimwacha. Julai nzima Shija alicheza akiburuta mguu bila kufunga hata mara moja, na karatasi ya Mama Lea ikashuka mpaka nafasi ya saba. Sisi tuliokuwa tumeanza kumtoa Shija kwa sababu hafungi, tulimcheka.

"Mapenzi ya jina," Ambrosi alisema.

Yeye hakucheka wala kukasirika. Alituambia baadaye kwamba pointi hazikumuuma. Kilichomuuma ni mechi na Kihesa, alipomwona Shija anaenda nyuma ya goli, anajimwagia maji ya chupa gotini, anarudi uwanjani anatabasamu. Jumatatu alimwita barazani, akatandaza ile karatasi ya kaki juu ya cherehani.

"Unasoma?"

"Nasoma."

"Hapa ni Agosti. Hapa Oktoba. Mechi nne za nyumbani, na mbili ndizo zitaamua ligi. Mimi nimewaweka watu wangu miezi mitano sijawagusa, kwa ajili ya hapa. Wewe goti lako unalimaliza lote hapa." Aliweka kidole kwenye Agosti. "Oktoba utacheza na nini?"

Shija alitazama karatasi. "Mama, timu yako ni ya karatasi. Ukikosea unafuta. Mimi nikikaa nje, nalala wapi?"

Mama Lea alikunja karatasi. Kisha akasema, "Jumamosi ya tarehe ishirini mnacheza Mbeya. Shemeji yangu Asukile yuko hospitali kule, chumba cha eksirei. Tutaenda kupiga picha, mimi na wewe, asubuhi kabla ya mechi. Tusikisie. Tujue kwanza, halafu uogope."

"Na Mzee?"

"Mzee nitamwambia nafuata jezi zangu, nimezishona haraka, naogopa zitafumuka."

Shija alikubali. Nadhani alikuwa amechoka kuogopa peke yake.

Ijumaa walipanda basi na timu. Mama Lea alikaa na Shija kiti kimoja, jezi magotini. Walipopita Chimala, bonde la Usangu likafunguka upande wa kulia, la manjano, na vumbi la ng'ombe likionekana kwa mbali. Shija aligeuza uso upande wa pili mpaka basi lilipoanza kupanda tena. Mama Lea alimpa yai la kuchemsha. Hakulila.

Asubuhi Mbeya ilikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Asukile aliwapokea mlangoni, mtu mfupi mwenye sweta la kijani, akamwamkia shemeji yake kwa heshima zote za Kinyakyusa, akamlaza Shija mezani, akapiga picha mbili. Kisha wakaambiwa wasubiri daktari. Walikaa kwenye benchi kama saa nzima. Shija alikuwa anatikisa mguu mzima kama mtu anayesikia ngoma. Mama Lea alisali rozari mfukoni, shanga moja moja, asimwonyeshe.

Daktari alikuwa mzee, anasema polepole. Aliinua picha kwenye dirisha.

"Mfupa mzima," alisema. "Hakuna ufa. Maji yamejaa kwenye goti, na mshipa wa pembeni umevutika. Haujakatika. Nitayatoa maji. Wiki sita usikimbie. Baada ya hapo utacheza mpaka uchoke mwenyewe."

Shija aliuliza, "Nitacheza?"

"Baada ya wiki sita. Ungecheza na leo, nisingekuambia hivi."

Mama Lea alishika ukingo wa meza. Asukile akamletea chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, akainywa yote bila kuhisi kwamba haina sukari.

Ilibaki shughuli ya pili, kumwambia Mzee. Timu ilikuwa imefikia kwenye darasa moja la shule, na Mzee Kalinga alikuwa nje, anapaka viatu vya mpira mafuta. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kimya kinachofanya wengine waseme haraka. Mama Lea alisimama kando, akamwacha Shija aseme mwenyewe. Shija alisema yote: goti, Juni, eksirei, wiki sita. Alimaliza kwa kusema, "Nikitakiwa kuhama chumba, nitahama, Mzee. Naomba tu mpaka mwisho wa mwezi."

Mzee Kalinga aliweka kiatu chini.

"Kwa hiyo hujasaini Mbeya?"

Shija hakuelewa.

"Nimeona unacheza kwa kujiepusha tangu mwezi wa saba," Mzee alisema. "Unaruka mipira. Unamwogopa beki. Watu wakaniambia, huyo anajitunza, keshaongea na timu ya Mbeya, msimu huu ukiisha anahama. Nikaamini. Leo nimekuja huku nikijua nakuleta kwa wenyewe. Usiku nilikuwa nahesabu nani nitamweka kulia mwakani, sipati."

"Mimi? Nihamie Mbeya?"

"Ndivyo nilivyodhani." Mzee alipangusa mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Na hiyo habari ya chumba umeitoa wapi? Mimi nilikuajiri upige randa. Randa inapigwa kwa mikono. Ningetaka winga tu, ningemlaza uwanjani."

Halafu akamgeukia Mama Lea. "Na wewe fundi, jezi zinafumuka?"

"Hazifumuki," alisema.

"Nilijua. Hujawahi kushona kitu kikafumuka." Akavuta benchi kwa mguu. "Kaeni. Mnakula nini? Mtu asiyecheza anakula kabla ya mechi, hakuna wa kumkataza."

Siku ile Shija alikula ugali na maharage sahani mbili. Nyota walitoka sare, bila bao, na yeye na Mama Lea waliitazama mechi wamekaa kwenye nyasi, mguu umenyooshwa juu ya mfuko wa jezi. Katika kurudi, basi lilipopita Usangu, alikuwa amelala fofofo, kinywa wazi.

Jumapili ya uhamisho Mama Lea alimfuta Shija mbele ya watu wote, na Ambrosi alipouliza sababu alimjibu, "Goti. Daktari kasema wiki sita. Mzee anajua." Akatumia ruhusa kumi na moja kati ya kumi na mbili kwa mpigo, karatasi mpya kabisa. Septemba alipanda kutoka nafasi ya saba mpaka ya pili. Hapo ndipo tulipoelewa tulikuwa tunacheza na nani. Wawili kati yetu walikwenda siku hiyohiyo kumwomba wapate kuona karatasi ya kaki. Aliwaonyesha bila kinyongo.

Lakini ile ruhusa iliyobaki na mbili za Septemba alizitumia kwa wachezaji wengine, hakubakiza hata moja. Mimi nilikuwa nazo mbili, na daktari alikuwa amesema wiki sita. Mwisho wa Septemba nikamwingiza Shija, nikijiona mjanja sana.

Alirudi uwanjani Jumamosi ya pili ya Oktoba, dhidi ya Mafinga. Tulisimama sote nyuma ya kamba, Mama Lea kashika mkoba kifuani. Nusu ya kwanza Shija alicheza kwa kupima, kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Nusu ya pili krosi ilikuja juu, akaruka na beki wao, jitu la watu, wakashuka pamoja. Shija alitua kwa mguu wa kulia, uzito wote. Nilisikia Mama Lea anavuta pumzi na kuizuia.

Shija alisimama. Alikunja goti, akalinyoosha, akalikunja tena, akaangalia upande wetu, akakimbilia mpira wa kurusha. Dakika chache baadaye alifunga, shuti la chini, kona ya mbali.

Bao lile lilinipa mimi pointi tatu, na pointi hizo ndizo zilizonipa ushindi mwezi uliofuata. Mama Lea alimaliza wa tatu. Pale kwenye kamba nilimgeukia nikitaka kumwomba radhi, kwa sababu nilijua ni yeye aliyemshikilia mchezaji yule sisi tulipomtoa. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa anapangusa macho kwa ncha ya khanga, anacheka kimya kimya mabega yakimtikisika.

"Umeona alivyotua?" aliniuliza.

"Nimeona bao."

"Achana na bao. Alivyotua."

Kisha akatazama jua, akasema ana gauni la harusi la kukabidhi kabla giza halijaingia, akatuacha pale na dakika kumi za mpira zikiwa bado.