Maziwa Yaliyokuja Kabla ya Mtoto

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nashona sare za shule pale sokoni Kakamega, na mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga nyumba Shirere. Tulikuwa tumeoana miaka kadhaa bila mtoto. Kazi yangu ilijulikana mjini, na sikuwa mtu wa kulialia. Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu: nilikuwa natokwa na maziwa, nami sijawahi kushika mimba. Hedhi nayo ilikuja ilipotaka. Nilishonea kitambaa ndani ya sidiria, nikaendelea na kazi.

Msimu wa kuvuna mahindi tulikwenda Mautuma kwa mama mkwe. Nilibeba kikapu nimekikumbatia kifuani, na nilipokitua, blauzi ilikuwa imelowa madoa mawili. Mama mkwe aliyaona kabla yangu. Alingoja wengine warudi shambani.

"Wewe unanyonyeshanga nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Simnyonyeshi mtu, mama."

"Maziwa haitoki bure. Huyo mtoto ulimwacha wapi kabla ya kuolewa hapa?"

"Sijawahi kuzaa. Yanatoka wapi, hata mimi sijui. Lakini nitajua."

Jioni alimwita mwanawe nyuma ya ghala. Mume wangu aliporudi, nilimweleza yote mwenyewe.

"Mimi nimekujua tangu ukiwa shule," akasema. "Ungemficha wapi mtoto, kwa dawati?"

Tulicheka, na wiki hiyo hiyo nikaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Hakuanzia tumboni kama nilivyotarajia. Aliuliza kama huwa nasikia baridi wakati wengine wanasikia joto. Nilikuwa navaa sweta hata Januari. Aliuliza kama nywele zinakatika, kama ninaamka nimechoka. Nilidhani ni cherehani iliyokuwa ikinichosha. Akanishika shingo, akaniambia nimeze mate, kisha akatoa damu ya kupelekwa Nairobi.

Majibu yalipokuja, alinieleza bila haraka.

"Tezi ya shingoni mwako imelegea. Ubongo unaisukuma ifanye kazi, na msukumo huo unapandisha pia homoni ya maziwa, prolaktini. Sasa mwili wako unadhani unanyonyesha, kwa hivyo hauachilii mayai."

"Basi mimi si tasa?"

"Wewe una ugonjwa wa shingo. Tutibu shingo kwanza, halafu tuone."

Nilimwomba ayarudie maneno hayo siku nyingine, mbele ya mtu. Alikubali. Siku ya kurudi kliniki mume wangu alimleta mama yake kutoka Mautuma, amevaa nguo ya kanisani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo hiyo maziwa inaweza kutokea mtu hajazaa?" akauliza.

"Inaweza, mama. Hata msichana ambaye hajaolewa."

Hakuniomba msamaha, wala sikumdai. Tulipotoka alichukua mkoba wangu, akaubeba mpaka stendi.

Nilimeza kidonge cha tezi alichoniandikia kila asubuhi kabla ya chai. Baridi ndiyo iliyotangulia kuniacha. Nilishangaa kujikuta nikishona bila sweta. Baadaye maziwa yakakauka, hedhi ikashika mwendo wake. Haikuwa mara moja, na kuna miezi nilitumaini nikakosa, lakini sasa nilijua ninachopigana nacho. Mimba iliposhika, daktari aliniongezea dawa badala ya kuniachisha, nikazaa msichana mzima, mwenye sauti kubwa.

Mtoto alipoanza kutambaa, mama mkwe alifika Shirere na mwanamke kijana mzaliwa wa Chekalini, mke wa jirani yake, ambaye watu walikuwa wameanza kumsema kwa kutokwa na maziwa bila kuzaa. Alimketisha karibu na cherehani yangu, ambayo nilikuwa nimeihamishia nyumbani.

"Mwelezee vile daktari alituambia," akasema.

Nilizima redio, nikamuuliza yule dada kama huwa anasikia baridi.