Noti ya Malkia na Kibuyu Kitupu

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka Garsen jasho likimtoka. "Bibi, kuna mtu sokoni ananunua noti za zamani, zile za picha ya Malkia. Kama unayo, toa!" Nikamwambia sina. Nilimdanganya. Ninayo moja, na imenikaa rohoni tangu utotoni.

Ngoja nikwambie, mwenzangu. Hapa Kulesa bibi yangu alikuwa na rafiki Muorma, wa wale wafugaji wa ng'ombe, jina lake Dhahabo. Kila asubuhi Dhahabo alileta kibuyu cha maziwa yanayonukia moshi, maana vibuyu vyao huvifukiza, akaingia hadi chumbani bila hodi. Nasi tukikirudisha kibuyu, tunakijaza mchele. Kibuyu cha rafiki hakirudi kitupu. Hilo tulilijua hata sisi watoto.

Basi akaja mtu wa chifu, akatangaza kwamba noti za Malkia zinakufa, kila mtu apeleke zake Garsen akabadilishiwe. Za bibi zilikuwa ndani ya kapu la mbegu ya mpunga. Nilipotumwa mbegu nikaziona. Yule mwanamke mwenye shingo ndefu, anatazama kando kama anayeringa! Nilisikia wakubwa wakisema watamchoma moto. Nikachomoa noti moja, nikaificha kati ya mikeka yangu miwili.

Kesho yake bibi akalikung'uta kapu mpaka punje ya mwisho. "Nani aliingia humu?"

Mama akajibu polepole, "Nani mwingine kama si Dhahabo?"

Nikafungua mdomo. Bibi akanitazama na yale macho yake. Nikaufunga.

Akakiosha kibuyu, akanipa. "Kipeleke." Kilikuwa chepesi mno. Njia nzima nilikikumbatia kifuani, nikitamani nianguke kivunjike ili pawe na sababu nyingine ya mchele kukosekana.

Dhahabo alikuwa akikamua. Akakipokea kwa furaha, mara uso ukabadilika. Akatia mkono ndani. "Mwanangu, umemwaga njiani?"

Jibu lilikuwa pale pale, ningelisema tu. Nikatikisa kichwa. Akakipindua, akakikung'uta juu ya kiganja. Hata punje haikudondoka. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa, na bibi akawa anakunywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, hataki kuulizwa.

Leo asubuhi nimepanda pikipiki ya mjukuu hadi Garsen, na sufuria ya mchele mapajani, noti juu yake. Habiba, mjukuu wa Dhahabo, anauza maziwa pale barabarani. Nikamwambia yote, watu wakipita.

Habiba akaweka chini kikombe cha kupimia. "Bibi yangu mpaka anakufa alikuwa akiuliza alikosa nini."

Nikamnyooshea noti. Akaichukua noti, akaigeuza huku na huku, kisha akanirudishia mkononi. "Huyu mama nenda naye, bibi. Mimi nachukua mchele." Akaumimina kwenye mfuko wake, akaisuuza sufuria, akanijazia maziwa.

Bibi hayupo, Dhahabo hayupo, na sijui nyumba ngapi leo mtu anaingia bila hodi. Vibuyu navyo vimekwisha, siku hizi ni madumu ya plastiki. Nilipofika nyumbani niliyanywa yale maziwa taratibu, nikautafuta ule moshi. Haukuwamo. Nikanywa mpaka nikamaliza.