Dakika Mia Sita za Foleni ya Choo

Nilifuta neno "sekunde" kando ya grafu, nikaandika "dakika", nikaamini kompyuta itagawanya zile namba kwa sitini yenyewe. Haikugawanya. Na mimi, mtu wa kidato cha nne niliyepita hesabu kwa kuponea chupuchupu, sikuangalia tena.

Grafu ilikuwa ya foleni ya choo. Ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa mtaani Kabiro ina vyoo viwili, lakini kimoja mwenye ploti alikifunga kufuli akaweka simiti yake ndani. Aliyeumia zaidi ni mama tunayepakana naye ukuta. Ana ugonjwa wa sukari unaomkimbiza chooni kila mara, na sukari haijui kupanga laini. Mwenye ploti alipomwambia analalamika bure, nikajitolea kuleta ushahidi. Mimi si mtu wa kutoka. Nashinda ndani, na dirisha langu linatazamana na choo, ndiyo bahati niliyonayo. Nilipima kwa saa ya simu muda wa kila anayengoja, nikaingiza yote kwenye programu ya kuchora grafu. Nguzo zilipanda vizuri. Ila zile sekunde mia tano, mia sita, zilijazana upande wa kushoto, nikaona dakika zitakuwa na heshima zaidi.

Jumapili mwenye ploti alipokuja, tukakusanyika uani. Nikamkabidhi karatasi niliyochapisha saiba, kwenye duka la intaneti, kifua mbele kama wakili. Akasoma polepole, kidole kikipanda na namba.

"Dakika mia sita," akasema. "Hiyo ni masaa kumi. Kwa hivyo mtu anaingia laini asubuhi, anafikiwa jioni?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kabla sijaelewa. Nilipoelewa nikaanza kueleza habari ya sitini, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo.

"Kama hapa mumeongeza, hata hiyo shida mumeongeza," akasema. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni pamoja na ufunguo wa kufuli, akaondoka.

Yule mama jirani hakuwa amecheka. Alikuwa amejifunga leso yake nzuri kwa ajili ya mkutano ule. Nilitamani kuingia ndani nijifungie, lakini alikuwa amesimama mbele ya mlango wangu. Nikamwambia pole. Akaniangalia kutoka patipati za miguuni mpaka kichwa.

"Kesho asubuhi wewe ndio utanishikia laini. Na hiyo kompyuta uiache kwa nyumba."