Kengele ya Ng'ombe wa Ufaransa

Wenzangu tuliokulia kwenye milima ya Ileje wakati wa Mwingereza, wachache mliobaki, najua na nyinyi magoti hayawaachi mlale. Yangu ndiyo yaliyonikumbusha haya. Juzi mjukuu wangu Neema alikuja kukaa kitandani kwangu, hapa Tunduma, akanionyesha kwenye simu yake familia moja ya Wazungu iliyopanda ndege kwenda Ufaransa, baba, mama na watoto, kununua vitu vikuukuu. Vijiko vilivyopinda, viti vilivyotoboka, taa zisizowaka. Vimetandazwa barabarani na watu wanavigombania. Neema akasema, "Bibi, siku hizi kitu kikichakaa ndipo kinapopendwa." Nilitamani kumuuliza mbona mimi nimechakaa vya kutosha na bado sijapendwa. Mtoto huyu akitumwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka panapoonekana kutoka dirishani kwetu, anaita bodaboda, na akirudi anasema amechoka.

Nikamwambia sisi tulishakwenda nchi ya nje kununua vitu vikuukuu vya Wafaransa, familia nzima, tena kwa miguu. Alicheka, akarudi kwenye simu yake. Basi nawaandikia nyinyi.

Mnakumbuka baridi ya kule kwetu. Asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya chungu, tunakunywa uji wa ulezi tukiwa tumejifunika shuka moja, mimi na binamu zangu watatu, halafu tunashuka bondeni kuchota maji huku meno yanagongana. Tulicheza kuteleza kwenye mteremko kwa magome ya migomba hadi nguo zinatoboka makalioni, kisha tunatembea kinyumenyume mbele ya mama ili asione. Michezo ya kujificha tuliijua sana, na sababu yake ilikuwa nyumbani kwangu kila siku. Mama yangu alikuwa anamkimbia babu.

Simaanishi ugomvi. Mnajua mila yetu: mke hatazami uso wa baba mkwe, hali naye, haongei naye, hatamki jina lake. Jina la babu lilikaribiana na neno la mvua katika lugha yetu, kwa hiyo mama hakuwahi kusema mvua, alisema "maji ya juu." Babu akitokea njiani, mama alikuwa anaacha njia, anainama majanini na kujifunika kanga kichwani mpaka apite. Babu naye, kwa heshima yake, alikuwa anakohoa kabla ya kila kona. Kikohozi kile kilikuwa hodi yake. Mimi nilikuwa mjumbe wao. Babu atasimama nyuma ya ukuta na kusema, "Wewe mtoto, mwambie mama yako maharage yalikuwa matamu," na mama yuko pale pale anasikia kila neno, lakini lazima nizunguke nyumba nikamwambie. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimechoka kama mtu mzima.

Mwaka huo mama alikuwa na mimba. Baada yangu zilikuwa zimeharibika mbili, na watu walishaanza kunong'ona kwamba labda aliwahi kukutana macho na mkwewe, maana tuliaminishwa kuwa mwanamke akikosea hapo, mtoto aliye tumboni hakai. Mama alinong'onewa hivyo kisimani na aliamini. Nilimkuta mara nyingi ameshika tumbo, anahesabu kwa vidole mara ngapi alichelewa kujifunika.

Habari ya vitu vikuukuu ililetwa na shangazi, dada yake baba, aliyeolewa upande wa Rhodesia, mwendo wa siku moja kupita Tunduma. Karibu na kwake palikuwa na misheni ya mapadri Wafaransa. Shangazi alituma salamu kwamba mapadri wanasafisha ghala, vitu vyao vya miaka yote vitatolewa uani, na wanapokea maharage na mikeka. Babu aliposikia hakulala. Alikuwa ameota koti la sufu tangu ujana wake. Alikuwa na ng'ombe, alikuwa mcheza bao ambaye vijiji vitatu vilimwogopa, lakini baridi ilimwonea kama inavyomwonea yeyote. Baba akasema tutakwenda wote. Mikeka ilikuwa ya mama, na hakuna mtu mwingine wa kuibeba.

Tulitembea siku tatu mpaka Tunduma na moja zaidi. Baba mbele na gunia la maharage, babu nyuma yake na fimbo, halafu nafasi kubwa, halafu mama na mikeka kichwani na mimi na kibuyu. Nikishuka na kupanda kati yao kupeleka maneno, nilitembea safari ile mara mbili. Nilipolia kuwa nimechoka mama aliniambia, "Usikae. Ukikaa, miguu itajua kuwa imechoka." Aliniambia hivyo mlima baada ya mlima, naye anahema. Tulilala kwa jamaa, babu nyumba hii, mama nyumba ile, na asubuhi tunasubiri upande mmoja utangulie. Tunduma ya wakati ule msiilinganishe na hii. Palikuwa na mti umelazwa barabarani kuwa kizuizi, askari mmoja, duka la Mhindi na vumbi. Malori yalikuwa yanapita moja moja, na watoto waliyakimbiza wakishangilia. Siku hizi yanapanga foleni hadi chini ya dirisha langu na hakuna anayeyashangilia.

Mume wa shangazi alitupokea kwa Kibemba, "Mwaiseni, mukwai," na kesho yake tukaenda misheni.

Sijawahi kuona tena vitu vingi namna ile vilivyochoka pamoja. Sahani zenye maua ya buluu zilizopasuka ukingo. Sufuria za shaba. Viatu vya kiume visivyo na pacha. Kofia zilizoliwa na panya. Padri mzee mwenye ndevu hadi kifuani alikuwa anazunguka kati ya mikeka akieleza kwa Kibemba cha puani kwamba kwao, kijijini kwake Ufaransa, watu hutoa vya zamani nje mara moja kwa mwaka wakauziana, na hivi vyote vilitoka huko kwa meli. Alishika kila kitu kwa muda kidogo kabla ya kukitoa. Nilimwonea huruma bila kujua kwa nini.

Babu aliliona koti kabla ya mtu yeyote. Jeusi, zito, vifungo safu mbili. Alilivaa hapo hapo, akanyoosha mabega, akawa kama chifu. Baba akasema, "Limekukaa, baba." Mfaransa mmoja kijana akamwonyesha kwa mkono upande wa ukuta aende akajitazame, kwa sababu pale palikuwa na kabati refu lenye kioo mlangoni, kioo cha kumwonyesha mtu mzima toka kichwani mpaka miguuni.

Mama alikuwa amechuchumaa hapo akipima sufuria, nami nimeshika kanga yake. Watu walikuwa wengi, kelele nyingi, na babu kwa furaha ya koti alisahau kukohoa. Mama aliona miguu yake tu inakuja. Akafanya alivyofundishwa. Akasimama haraka akampa mgongo.

Mbele yake kulikuwa na kioo.

Kwetu hapakuwa na kioo kikubwa kuliko kiganja. Mama hakujua kwamba mtu anaweza kugeuka na bado akakutana na kile alichokikimbia. Nilituona sote watatu: mama, mimi nikiwa na kamasi, na babu juu yetu katika koti lake, macho kwa macho na mkwewe. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kuziona sura zetu watatu mahali pamoja. Babu alikuwa na pua kama yangu. Macho yake yalipanuka.

Mama hakupiga kelele. Alikaa chini, akashika tumbo kwa mikono yote miwili. Nilijua anafikiria nini. Nilikuwa mjumbe, nilijua yote. Baba alikuja mbio, akatazama kioo, akatazama baba yake na mke wake, akaelewa, na uso wake ukawa wa majivu. Watu wa kwetu waliokuja siku ile walikuwepo pia. Walishaanza kugusana viwiko.

Babu akanyoosha mkono mbele kama anayepapasa gizani, akagusa kioo, akagusa ukuta. "Wewe mtoto," akaniita kwa sauti ya kusikika uani kote, "uko wapi? Mwambie mama yako asiogope. Macho yangu yalikwisha tangu mwaka jana. Nilikuwa nawaficha. Kama kuna mtu mbele yangu hapa, mimi simwoni."

Baba akasema, "Baba, umetembea siku nne bila kuongozwa."

"Njia naijua kwa miguu."

"Na koti uliliona wewe."

"Nililinusa." Akaanza kufungua vifungo, polepole, akikosea tundu. "Lirudishe. Koti la nini kwa mtu asiyejiona? Mtafutie kipofu kitu kinacholia, asije akamkanyaga mkwewe."

Padri mzee akaleta kengele. Ilikuwa ya shaba, kubwa kama ngumi, na mkanda wa ngozi uliokauka. Alisema ilikuwa ya ng'ombe wa baba yake, ng'ombe jike aliyekuwa akipotea ukunguni. Ikachukua mikeka yote na nusu ya maharage. Koti alilipata mtu mwingine, tukaliona likiondoka mabegani mwake.

Kurudi nilipewa kazi ya kumwongoza babu kwa kushika ncha ya fimbo, kengele ikilia katikati yetu. Siku ya tatu nilikuwa nimechoka hadi nasinzia nikitembea. Kulikuwa na madimbwi na mizizi, na sikujikwaa hata mara moja, kwa sababu fimbo ilikuwa inanivuta kushoto, inanivuta kulia. Tulipofika nyumbani aliniita nyuma ya zizi, akanitoa funza kwenye kidole cha mguu kwa mwiba, funza mdogo kama punje ya ulezi. Nilimtazama. Akasema, "Nyamaza," akaendelea na kidole kingine.

Nilinyamaza. Mdogo wangu Ambilikile alizaliwa mwanzo wa mavuno, akakaa. Yuko Nanyala mpaka leo, ana kahawa yake na ubishi wake.

Babu aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, na kipofu hachezi bao. Alikuwa anakuja na kengele yake, anakaa pembeni ya wachezaji, anasikiliza kete. Vijana wajinga waliibiana mbele yake na yeye ameona, na vidole vyake vinacheza peke yake magotini. Watoto walimwita ng'ombe wa Ufaransa. Baridi ilipokuja alijikunja katika shuka lile lile. Nami nilikuwa nashindwa kumtetea, kwa sababu kumtetea kulikuwa kumfichua. Mama, akisikia kengele, anaingia majanini. Kila siku, hata alipokuwa na mtoto mgongoni, hata alipozeeka kidogo na kuinama kukawa kazi.

Asubuhi moja kengele haikulia. Mama ndiye aliyejua kwanza. Aliacha jembe, akarudi nyumbani mbio, akasimama nje ya nyumba ya babu. Hakuingia hata siku hiyo. Alilia hapo nje, kanga usoni.

Miaka mingi baadaye, mama akiwa mzee kuliko nilivyo mimi sasa, tulikuwa tunapukuchua maharage nikaona ni haki nimwambie. Nikasema, "Mama, babu alikuwa anaona." Hakuinua kichwa. Akasema, "Najua. Kipofu hashtuki. Yule mzee alishtuka."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Mimi na yeye tulikuwa hatuongei." Akapepeta ungo, makapi yakaruka. "Aliacha bao kwa ajili yangu. Nami niliingia kwenye yale majani kila kengele ilipolia, kana kwamba naiamini, ili asijue kuwa najua. Tulichoka wote wawili, mwanangu. Tulichoka sana."

Sasa niko hapa kwa mwanangu wa mwisho. Mke wake ni mtoto mzuri, ana kazi ya forodha, hana ubaya. Hakuna anayenikimbia katika nyumba hii. Tunakaa kochi moja, miguu inagusana, na kila mtu ana simu yake. Naingia, natoka, hawainui macho. Siwalaumu, na sitaki mtu ajifiche majanini kwa ajili yangu. Lakini mama hakumtazama babu miaka ishirini, na alijua yuko wapi kila saa ya mchana. Mimi natazamwa na kila mtu. Jumapili iliyopita nilikaa uani tangu ibada mpaka jua lilipotua, na walipofunga mlango nikiwa bado nje, hakuna aliyekuwa na kosa.

Baada ya Neema kucheka, nilifungua sanduku langu nikaitoa kengele. Shaba imekuwa nyeusi, mkanda nilishaubadilisha. Nikatoka nayo taratibu hadi mlangoni, malori yananguruma, nikaitikisa mara tatu.

Kitukuu changu mdogo anayelelewa hapa hapa alitoka mbio, sarafu mkononi, anatazama huku na huku barabarani. Akauliza, "Bibi, wa aiskrimu yuko wapi?"

Nikamwambia hakuna aiskrimu, ni mimi tu. Akarudi ndani.