Maji ya Dereva

Mdogo wangu aligongwa na lori barabara ya Kitangari akitoka kuchota maji, na dereva hakusimama. Nyumbani kwetu, aliyeua mtu kwa gari husubiriwa msibani. Huvua viatu, hukaa chini karibu na mlango, hupewa maji. Akiyanywa, kinyongo kimekwisha. Anayeogopa kuja mwenyewe hutuma mtu. Kwetu hakuja mtu. Arobaini ikapita, mama akaendelea kusubiri.

Mwaka jana kijana mmoja alitoka Masasi kukusanya maoni ya wananchi kuhusu magari yanayojiendesha yenyewe: yaruhusiwe au la, na sheria imbane nani. Kijijini walimcheka. Jirani mmoja akataka kujua gari hilo litapandaje mlima wa Newala wakati wa masika, ikiwa wenye macho yao wanatumbukia korongoni. Mimi sikucheka. Hata haya yenye madereva, nani ameyabana?

Nilipomleta kwetu alivua viatu kwa adabu, akakaa chini pale mlangoni, akamwamkia mama. Kisha akauliza swali lake: gari lisilo na dereva likimgonga mtu akafa, nani awajibike?

Mama, ambaye habari za magari hayo hazikuwa zimemfikia, alisikia gari, akasikia kugonga na kufa. Aliinuka bila kujibu. Akarudi na kikombe cha maji, na msimu ule maji tulikuwa tunayabania kweli. Hapo ndipo nilipoelewa amemdhania nani. Kijana alikuwa ametembea juani tangu asubuhi. Akayanywa yote, akashukuru.

Mama akaketi mbele yake, akalia kama ambavyo hakulia hata siku ya mazishi.

"Umechelewa, mwanangu, lakini umekuja," alisema. "Mwambie aliyekutuma, mimi nimemaliza."

Kijana akanigeukia. Nilikuwa nimemsimulia njiani habari za msiba wetu, na jinsi mama anavyomsubiri dereva, kwa hiyo aliona kilichotokea. Nilimtikisia kichwa asiseme neno.

"Nitamwambia, bibi."

"Anaitwa nani? Nataka nimwombee."

Kijana akataja jina lake mwenyewe.

Aliondoka bila kutuuliza maswali yaliyobaki. Mama humtaja kijana yule kila baada ya swala, na sura yake imetulia. Mimi namsikia nikiwa jikoni, na siitikii amina, kwa sababu aliyemuua mdogo wangu bado anaendesha.