Barua Zangu za Plateau

Siku yangu ya kwanza katika posta ya Eldoret, Postamasta alinitazama miguu, kwa kuwa sikuwa na viatu, kisha akanionyesha visanduku vya ukutani tulivyopangia barua, kila shamba na chake. Sheria yake ilikuwa moja. "Soma jina, funga mdomo," alisema kwa Kiswahili chake cha walowezi wa mashambani. "Ndani si yako." Niliifuata mpaka nilipostaafu, na ni siku moja tu iliyonitoa jasho.

Kazi yenyewe ilichosha kuliko ninyi vijana mnavyodhani. Mifuko ilishuka kwenye treni, tukaimwaga mezani, tukagonga mihuri mpaka bega likafa ganzi. Saa ya chakula, Karani Mkuu, Mgoa mmoja mpole, aliniazima vitabu vya mapenzi vya Kizungu. Humo wanaume walizimia kwa kutazamwa tu. Nami nikaamini kwamba huko ndiko kupenda.

Wakati huo nilikuwa na Jerida, binti wa kwetu Bungoma, aliyefua bandeji katika hospitali ya misheni kule Plateau. Treni ilifika huko kwa muda mfupi, lakini mimi niliandika. Kurasa nne kila wiki: macho yake na nyota, moyo wangu na moto. Yeye alijibu mistari mitatu: barua nimepata, lile jino je, uling'oa, wazee wako wanakwenda lini kwa baba. Nilivunjika moyo kweli. Nilimwona hana mapenzi.

Basi nikafanya ujinga niliousoma vitabuni, kwamba mwanamume hunyamaza ili mpenzi wake akonde. Nikanyamaza miezi miwili. Jerida hakukonda. Mwalimu mmoja wa Cheptiret alituma wazee kwa baba yake, tena kwa heshima zote, na habari hiyo niliipata kwa watu wa kanisani.

Wiki hiyohiyo, nikipanga barua za mfuko uliotoka Plateau, nikakuta mwandiko wa Jerida. Barua ilikuwa ya baba yake. Jibu atakalopewa mwalimu lilikuwa humo ndani, na gundi ya bahasha ilikuwa imeshika upande mmoja tu. Niliishikilia muda mrefu hivi kwamba Karani Mkuu akaja kusimama kando yangu. Nikamweleza yote. Hakucheka.

"Hiyo piga muhuri, iende," akasema. "Halafu wewe panda treni. Barua zako nitapanga mimi."

Niligonga muhuri, tarehe ikatoka imepinda.

Jerida nilimkuta kwenye sufuria kubwa ya bandeji, moshi umemjaa machoni. Nilikuwa nimekariri maneno matamu njiani, yote yakanipotea. Nikasema tu kwamba jino niling'oa, na kwamba baba yangu mdogo angekwenda kwao Jumamosi, yeye akikubali.

Akaendelea kukoroga. "Barua zako zingemfaa mwanamke yeyote," akasema. "Baba nimemwandikia angoje mpaka mwisho wa mwezi. Siku zaidi ya hapo sina."

Jumamosi wazee walikwenda, wakakubaliwa. Baadaye posta ilinihamisha mara nyingi, na kila mara Jerida alifunga vyombo akinung'unika, lakini alifunga.

Nilipostaafu nikiwa nimechoka mpaka mifupa, tulikuwa tukipanga vitu vyetu nikamwuliza kama zile barua bado zipo. Akasema zilichakaa zamani. Alikuwa akiwasomea wagonjwa wa wodi ya wanawake, na kila zilipofika walimwita kabla hajavua aproni. Nilipoacha kuandika ile miezi miwili, wao ndio walioumia. Mama mmoja mzee aliuliza mpaka siku aliyofariki, yule mwanamume wa nyota amepatwa na nini.

Iliniuma. Miaka yote hiyo nilidhani nilipoteza wino bure. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku ile kwenye sufuria.

"Ungeandika tena," akasema. "Mimi nilitaka uje."