Tundu la Hondohondo

Niliondoka nyumbani Kisauni kwa sababu ya ujumbe wa Bi Mwanasiti: "Njoo, mwanangu. Tunduni hakuna sauti."

Bi Mwanasiti hulinda kwa kujitolea msitu mdogo wa kaya, msitu mtakatifu wa wazee, kusini mwa Likoni. Majuma matatu kabla ya hapo alinipeleka kumpiga picha hondohondo. Ndege jike hujifungia ndani ya tundu la mti, akaziba mlango kwa udongo na kubakiza ufa tu. Dume humlisha kupitia ufa huo mpaka kinda apevuke. Tangu upande wa chini wa msitu ukatwe viwanja, Bi Mwanasiti hajaona kinda hata mmoja akitoka salama. Kinda wa tundu hili ndiye aliyekuwa akimngojea. Picha zangu zilikuwa za kuwaonyesha wenye kuuza viwanja ni nini kinachoishi mle.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwenye feri. Manyunyu yalikuwa yakianguka, na wenye mikokoteni walikuwa wamefunika mananasi yao kwa maturubai. Nilikumbatia mkoba wa kamera, nikajiambia kwamba makinda hunyamaza wakati wa mvua.

Kutoka Likoni nilichukua bodaboda. Maduka yakaisha, yakaja mabango ya viwanja vinavyouzwa, kisha minazi, kisha miti ya kaya, mahali ambapo hewa hubadilika ghafla kama umeingia chumba cha mtu aliyelala.

Bi Mwanasiti alikuwa kwenye kitalu chake cha miche. Nilimwamkia, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, hakuniamini, akanipa mahamri mawili. Tukavua viatu, tukaingia.

Njiani alinieleza. Mtu alikata mtambaazi uliokuwa umelifunika tundu kama pazia. Ukanyauka, majani yakapukutika, tundu likabaki wazi. Asubuhi moja alimkuta kipanga amening'inia pale, mguu mzima ndani. Aliyeukata alimjua: Hamisi, mume wa dadake, anayefungia madema yake ya kunasia samaki kwa mitambaazi. Alikuwa amemkataza msitu mbele ya watu. Sasa hawasemezani, na dadake ameacha kuja kwake.

Saa tatu tulikuwa chini ya mvule wenye lile tundu. Ule udongo wa mlangoni ulikuwa umebomoka, na manyoya meusi yalikuwa yamelowa kwenye mizizi. Kisha dume akaja na kuyu mdomoni. Akatua, akaingiza mdomo tunduni, akangoja. Akalitoa lile tunda, akaliingiza tena. Hondohondo wa msitu ule hulia kama mtoto mchanga, yule hakulia. Sikuweza kuinua kamera.

"Si Hamisi," nikasema. "Ni mimi."

Bi Mwanasiti akageuka.

"Siku ile ulipokwenda kuswali. Mtambaazi ulikuwa unazuia mwanga. Sisi wapiga picha huwa... Nilisafisha kidogo tu."

"Palikuwa na uchafu gani, mwanangu?"

Alikaa kwenye mzizi, akakunja kanga yake magotini, akakaa hivyo mpaka yule dume aliporuka.

"Wallahi, nimeila nyama ya Hamisi bure kwa kumsingizia," akasema. "Twende. Utamwambia wewe."

Adhuhuri ilitukuta uani kwa Hamisi. Alikuwa akisuka dema, na hakuacha kusuka nilipokuwa nikisema. Nilipomaliza, akakaza fundo kwa meno.

"Mimi nikikata, mwizi. Wewe ukikata, mpiga picha."

Bi Mwanasiti akamwomba radhi. Hamisi akaitikia kwa kichwa. Mimi akaniambia nisogee kidogo, namzibia mwanga.

Alasiri nilivuka kurudi. Bi Mwanasiti alikuwa amenisindikiza hadi barabarani, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza nitarudi lini.

Nilijifunza kuwa msitu haukatwi na wenye mashoka peke yao. Hukatwa pia na anayeupenda, akiwa na haraka. Picha ya tundu lile ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Watu huniuliza niliupataje mwanga ule, nami huwasimulia. Nikimaliza, hakuna anayeisifu tena.